Jinsi Vitu Vilivyomo Katika Taji la Jua Vinavyopimwa

Watu wengi huuliza: Wataalamu wamejuaje kwamba katika jua mna chuma, na hali hakuna mtu awezaye kulifikia? Jawabu ni kwamba mwanga wenyewe ndio uletao habari.

Katika mtaa wa Pipeline, Nairobi, chumvi ikidondoka penye moto wa jiko la gesi, ndimi za buluu hugeuka manjano. Rangi hiyo ni alama ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Kila elementi, yaani kitu cha asili kama sodiamu au chuma, ikiwa hewa yenye joto kali hutoa rangi zake yenyewe. Mwanga huo ukipita katika kioo chenye pande tatu hutawanyika, na alama hizo huonekana kama mistari myembamba.

Jua limezungukwa na hewa nyepesi sana iitwayo taji. Kwa kawaida haionekani, kwa kuwa mng'ao wa jua huishinda. Lakini mwezi ukilifunika jua lote, taji hutokeza. Ndiyo sababu wataalamu kutoka Marekani walipiga kambi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, wakalipiga taji picha jua lilipopatwa tarehe 30 Juni 1973.

Mwaka 1869 ulionekana katika taji mstari wa kijani usiojulikana, ukadhaniwa kuwa alama ya elementi mpya. Fumbo hilo lilikaa miaka 70 hivi, hata Grotrian wa Ujerumani na Edlén wa Sweden wakalifumbua. Kitu chenyewe kilikuwa chuma, kile kile cha majembe, kilichopoteza elektroni 13 katika 26 zake. Jambo hilo lahitaji joto la nyuzi zaidi ya milioni moja, ingawa uso wa jua una nyuzi 5,500 tu.

Ili kujua kiasi cha kila elementi, wataalamu hulinganisha nguvu ya mistari, wakihesabu pia joto la mahali hapo. Mistari mingine huzuiwa na anga letu, basi hupimwa kwa setilaiti. Imeonekana kwamba katika sehemu nyingi za taji chuma, magnesiamu na silikoni huzidi kiasi cha uso wa jua mara 2 hadi 4.

Kazi hii ina faida. Hewa ya taji huvuma hata kuifikia dunia, na tufani zake huweza kuvuruga redio na setilaiti. Viasi hivyo husaidia kutambua upepo huo umetoka upande gani wa jua.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote huko Misri. Kenya litafunikwa sehemu tu. Mtu yeyote asilitazame kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, maana jicho laweza kuungua bila kuuma. Yafaa kutumia miwani iliyotengenezwa maalumu kwa kutazamia jua.