Dhima ya Taarifa za Tovuti Zinapopotea

Hapa Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, si ajabu siku hizi kumkuta mwenye duka la pembejeo, au karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, akiwa na tovuti ambayo seva yake imo Dar es Salaam au Ulaya, mahali asipopajua. Na siku tovuti hiyo ikifunguliwa ikakutwa tupu, suali la kwanza huwa ni nani atakayelipa.

Wengi hudhani kwamba kulipia seva ni sawa na kuweka marobota ya pamba ghalani kwa amana, ambayo mwenye ghala akiipoteza hana budi kuilipa. Lakini mikataba mingi ya kuhifadhi tovuti imeandikwa kama ya kupangisha nafasi: kampuni huahidi umeme, mtandao na mashine inayofanya kazi, ilhali yaliyomo ni juu ya mpangaji, na aghalabu huongezwa sharti kwamba fidia haitazidi ada iliyolipwa.

Hata hivyo sharti la namna hiyo si ngao ya kila hali. Usiku wa manane wa tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na mamilioni ya tovuti zikazimika. Miongoni mwa wateja ilikuwamo kampuni ya France Bati Courtage, ambayo ilikuwa imenunua huduma ya bekapu, yaani nakala za akiba, kwa ahadi kwamba zitatengwa na seva. Kumbe zilikaa katika jengo lilelile, zikaungua pamoja nalo. Januari 2023 Mahakama ya Biashara ya Lille ilikataa udhuru wa janga, kwa kuwa bekapu hununuliwa kwa ajili ya majanga hasa, ikaamuru mteja alipwe fidia. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, kwani aliyeuza hifadhi hakuitoa.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura 345, katika kifungu cha 73, humpa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, lakini pia huangalia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Hivyo asiyekuwa na nakala hata moja mkononi hufika mahakamani na hoja dhaifu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka mkusanyaji wa taarifa azilinde zisipotee kwa uzembe. Majina na namba za simu za wakulima zikipotea, mkusanyaji ni chama chenyewe, na mkulima ana haki ya kukidai majibu, hata kama chama nacho kina madai yake kwa mwenye seva.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujatia saini, taka jibu la maandishi: nakala huchukuliwa mara ngapi, hukaa jengo gani, na lini ilijaribiwa kurejeshwa. Jaribio hilo ni la lazima, maana mwaka 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kanzidata yake kwa bahati mbaya, ikagundua kwamba njia zake za kuweka akiba hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Kisha pakua nakala yako mwenyewe kila wiki, uiweke Mwanhuzi, mbali na seva. Kampuni inayokataa kuyajibu hayo kwa maandishi usiipe kazi yako.