Kununua Nyumba Yenye Mpangaji

Anayenunua nyumba yenye mpangaji, iwe Shangani au Mikindani, huipokea pamoja na mkataba wa upangaji uliopo. Tunawashauri wanunuzi wauone mkataba na stakabadhi, na wamuulize mpangaji mwenyewe, kabla ya kulipa bei. Kodi aliyokwisha kulipa hadi Desemba haidaiwi tena. Mnunuzi aikate katika bei ya muuzaji. Kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hutaka notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kumtolea mpangaji vyombo nje ni kujichukulia sheria mkononi. Mgogoro upelekwe kwanza Baraza la Kata kwa usuluhishi. Ukishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.