Bodi Inawaka, Kompyuta Haiioni (Sehemu ya Tatu)

Kolo wengi wanaijua kwa michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mimi nimeifuata mvua. Wilaya ya Kondoa, iliko Kolo, imeliwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi. Kwenye ardhi ya namna hiyo, yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, siku ya mvua isiyoandikwa ni hasara.

Wiki iliyopita kipima mvua chetu kilianza kuhesabu. Leo tunataka hesabu hiyo iingie kwenye kompyuta ya Linux, na hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa: taa ya bodi ya kipima hicho inawaka, lakini programu inasema hakuna poti.

Taa haithibitishi mawasiliano. Waya kamili wa USB wa bodi hizi una nyuzi nne ndani: mbili za umeme, mbili za kupitisha data. Nilichana waya mmoja wa kuchajia simu niliokuwa nao. Nikakuta nyekundu na nyeusi tu. Nyeupe na kijani hazikuwemo kabisa. Waya kama huo utawasha bodi mchana kutwa bila kupitisha hata herufi moja.

Ukishapata waya mzima, iulize kompyuta yenyewe. Fungua terminali, andika sudo dmesg -w, kisha chomoa bodi na kuichomeka tena huku ukisoma. Bodi yetu ni nakala ya Arduino yenye chipu ya CH340, ambayo kazi yake ni kupokea USB na kutoa biti moja baada ya nyingine, kama mbuzi wanaotoka zizini kwa mlango mwembamba. Kwa hiyo tulitarajia jina ttyUSB0. Lilitokea, na papo hapo mstari mwingine ukasema limekatwa. Katikati ya mistari hiyo palikuwa na neno moja geni: brltty.

Hiyo ni programu inayowawezesha wasioona kusoma kompyuta kwa vifaa vya nukta nundu. Katika Ubuntu 22.04 kanuni zake zinaitambua namba 1a86:7523 kuwa ya kifaa cha nukta nundu, na namba hiyohiyo ndiyo ya CH340. Basi inaichukua poti kabla yako. Ushauri unaosambaa ni kuifuta kwa sudo apt remove brltty. Kwenye kompyuta yako binafsi, kama huitumii, sawa. Kwenye kompyuta ya shule mimi sikubali: unaweza kumfungia mlango mwanafunzi asiyeona ili wewe upate poti. Tafuta faili la brltty la kanuni za udev, sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinavyochomekwa, mstari wenye 1a86/7523 uuwekee alama ya # mwanzoni, kisha sudo udevadm control --reload, na uchomeke bodi upya. Hivyo ndivyo tulivyofanya.

Poti ikishabaki mahali pake, huenda ukanyimwa ruhusa. Andika ls -l /dev/ttyUSB0. Kwenye Ubuntu na Debian utaona ni mali ya kikundi kiitwacho dialout. Jiunge nacho: sudo usermod -aG dialout $USER, halafu toka kabisa kwenye akaunti na kuingia upya. Herufi a usiisahau hata kidogo. Bila hiyo utaondolewa katika vikundi vyako vingine, pamoja na kile kinachokupa haki ya kutumia sudo. Kubadili ruhusa kwa chmod nako hakufai, maana bodi ikichomolewa mabadiliko yanapotea.

Ukiona herufi za ovyo badala ya namba, bodi na kompyuta zinatumia kasi tofauti. Kama programu ya bodi imeandikwa 9600, weka 9600 pande zote mbili. Na dirisha la kusomea lifungwe kabla ya kupakia programu mpya.

Wiki ijayo tutaziandika hesabu hizi kwenye faili, siku kwa siku. Kabla ya hapo, jaribu waya wako kwa dmesg, na usioruhusu ttyUSB0 kutokea uubakize kwa kuchajia simu.