Afasia Kama Ushahidi wa Muundo wa Akili: Hoja na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Akili haionekani kwa macho. Mwanaisimu anayetaka kujua jinsi umilisi wa lugha ulivyogawanyika hana budi kuutafuta kwa njia ya mzunguko. Njia mojawapo ni kuchunguza namna uwezo huo unavyoharibika pale ubongo unapodhurika, hali iitwayo afasia. Makala haya yanaeleza mantiki ya njia hiyo, na kudai kwamba matokeo yake hayawezi kuaminika kabla ya kupimwa katika lugha zenye sarufi tofauti, Kiswahili kikiwamo.

2.0 Mantiki ya Mtengano

Mwaka 1861 mpasuaji Paul Broca, huko Paris, alitoa taarifa ya mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye karibu usemi wake wote ulikuwa silabi "tan", ilhali alionekana kuelewa mengi aliyoambiwa. Mwaka 1874 Carl Wernicke alieleza wagonjwa wa hali ya kinyume: walisema kwa wepesi, lakini usemi wao ulipotoka na uelewa wao ulikuwa haba.

Kisa cha kwanza peke yake hakithibitishi mengi. Yamkini kusema ni kazi nzito kuliko kuelewa, na ubongo uliodhoofika hushindwa kwanza na lililo zito. Kisa cha pili ndicho kinachoivunja hoja hiyo, kwani kazi moja haiwezi kuwa nzito na nyepesi kuliko nyingine kwa wakati mmoja. Huu ndio mtengano wa pande mbili, ambao Hans-Lukas Teuber aliusisitiza mwaka 1955. Hata hivyo, unatueleza tu kwamba kuna sehemu zaidi ya moja. Hautuambii sehemu hizo ni zipi.

3.0 Fasiri Iliyobadilika

Caramazza na Zurif (1976) walionyesha kwamba wagonjwa wenye afasia ya Broca nao wana matatizo ya uelewa. Sentensi za aina ya "chungwa alilolila mtoto ni tamu" ziliwaelea, kwa kuwa chungwa haliwezi kumla mtoto. Pale ambapo kila mtajwa angeweza kuwa mtenda, walibahatisha. Ikaelekea kwamba kilichopotea ni sarufi yenyewe. Lakini Linebarger, Schwartz na Saffran (1983) waliwakuta wagonjwa wa namna hiyo wakiweza kutambua sentensi zisizo sahihi kisarufi. Kumbe kushindwa kuitumia sarufi si sawa na kuipoteza.

4.0 Nafasi ya Kiswahili

Kwa kuwa wasemaji wa Kiingereza wenye tatizo hili huacha viambishi, ilidhaniwa kwamba kuacha viambishi ndiyo sifa ya ugonjwa. Grodzinsky (1984) alionyesha kwamba katika Kiebrania, ambamo mzizi wa konsonanti tupu hautamkiki, wagonjwa hubadilisha viambishi badala ya kuviacha. Kwa hiyo dalili ileile hujitokeza kwa sura tofauti kulingana na lugha.

Hebu tutazame Kiswahili:

(a) gari lililoigonga pikipiki
(b) gari ililoligonga pikipiki
(c) mbwa aliyemfukuza mbuzi

Katika (a) gari ndilo lililogonga. Katika (b) ndilo lililogongwa. Mpangilio wa maneno ni mmoja, na chombo chochote kati ya hivyo viwili chaweza kukigonga kingine. Upatanisho wa ngeli ndio pekee unaobainisha kiima na yambwa. Kinyume chake, (c) ina utata hata kwa msemaji mzima, kwa kuwa majina yote mawili huchukua upatanisho wa viumbe hai. Mtafiti atakayetafsiri jaribio la Kiingereza neno kwa neno, likiwa na wanyama wanaofukuzana, ataandika kwamba mgonjwa ameshindwa, kumbe swali ndilo lisilo na jibu moja. Jozi ya (a) na (b) ingempa ushahidi wa kweli, maadamu kwanza aijaribu kwa wasemaji wasio na ugonjwa.

5.0 Hitimisho

Kasoro ni ushahidi wa muundo wa akili pale tu tunapojua lugha ya mgonjwa inadai nini kwake. Jambo hili si la nadharia peke yake. Mgonjwa anayepimwa kwa swali bovu hupewa tiba ya tatizo asilokuwa nalo. Ni wajibu wetu, basi, sisi tunaoifahamu sarufi ya Kiswahili, kushirikiana na matabibu katika kuyatunga majaribio hayo.