Mtandao unapokatika Simiyu: Mteja afuate njia gani kudai haki yake?

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mkoani Simiyu, simu ya mkononi huwa chombo cha kazi kama lilivyo jembe wakati wa palizi. Kwa simu hiyo mkulima huulizia bei, huwasiliana na viongozi wa chama chake cha ushirika na kutuma fedha za ada au matibabu. Hivyo mawasiliano yakikatika, Bariadi mjini au katika vijiji vya Maswa, Meatu, Itilima na Busega, hasara huonekana siku hiyo hiyo: wakala hukosa wateja, umeme wa LUKU haununuliki kwa simu na kifurushi huisha muda wake bila kutumika.

Kero huongezeka pale mteja anapopiga simu huduma kwa wateja, akasubiri kwa muda mrefu, kisha akajibiwa kuwa tatizo linashughulikiwa, bila kuelezwa chanzo chake wala lini litakwisha.

Kwa nini mtandao hukatika

Mnara wa simu huhitaji umeme muda wote. Umeme wa gridi ukikatika, mnara huendeshwa kwa betri au jenereta; nishati hiyo ya akiba ikiisha, eneo zima hukosa mawasiliano. Aidha, mnara hutegemea njia ya kuuunganisha na mitambo mikuu, ama kwa mawimbi kupitia minara mingine, ama kwa mkongo uliofukiwa ardhini. Mkongo huo ukikatwa, kwa mfano wakati wa uchimbaji wa barabara au wa mitaro ya maji, hitilafu ya sehemu moja huweza kuathiri wilaya kadhaa.

Chanzo huweza pia kuwa mbali sana na Simiyu. Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilidhoofisha huduma ya intaneti nchini Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Upo pia msongamano, ambapo mnara unafanya kazi lakini watumiaji ni wengi kuliko uwezo wake, jambo linaloweza kutokea siku za mnada.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni kuwasilisha malalamiko kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa kupiga namba 100 au kufika katika duka lake. Mteja aeleze mahali alipo, siku na saa tatizo lilipoanza, na huduma iliyoathirika. Ni muhimu aombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko na kuitunza pamoja na ujumbe wa ununuzi wa kifurushi, kwa kuwa huo ndio ushahidi wake baadaye.

Mteja asiporidhika, anayo haki ya kupeleka lalamiko lake kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambayo huhudumia Simiyu kupitia ofisi yake ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Sheria hiyo pia iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutetea maslahi ya watumiaji. Asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Kwa fedha zilizokwama, mteja aangalie kwanza salio lake kabla ya kurudia muamala, kwani wengi hujikuta wametuma mara mbili. Atunze namba ya muamala na kuiwasilisha kwa mtoa huduma. Mifumo ya malipo, ikiwamo fedha kwa simu, husimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania.

Aidha, tangu Machi 2017 mteja anaweza kuhamia mtandao mwingine bila kubadili namba yake. Mwenye kuchoshwa na huduma hafifu halazimiki kupoteza namba inayojulikana na ndugu na wateja wake.

Minara vijijini

Maeneo yasiyovutia wawekezaji hushughulikiwa kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ambao hutoa ruzuku kwa kampuni za simu. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya ujenzi wa minara 758 katika mikoa 26. Wananchi ambao maeneo yao hayana mawasiliano wanaweza kufikisha hoja hiyo kupitia serikali ya kijiji, diwani na halmashauri.

Tahadhari

Matapeli hutumia nyakati za hitilafu kujifanya watumishi wa huduma kwa wateja. Mwananchi asimtajie mtu yeyote namba yake ya siri, hata akiahidiwa kurejeshewa fedha zake. Namba inayotumika kwa utapeli iripotiwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, na laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mhusika zihakikiwe kwa kupiga *106#.

Lalamiko linalobaki barazani haliingii katika kumbukumbu za msimamizi. Likiwasilishwa kwa tarehe, mahali na ushahidi, mtoa huduma hulazimika kulijibu.