Mfumo mseto wa nishati jadidifu katika hoteli za kitalii

Mfumo mseto wa nishati jadidifu ni mpangilio wa kuzalisha umeme unaounganisha vyanzo viwili au zaidi, kwa mfano jua na upepo, pamoja na betri za kuhifadhia na mara nyingi jenereta ya dizeli kama akiba. Hutumika hasa katika hoteli na kambi za watalii zilizoko visiwani, mbugani au milimani, ambako umeme wa gridi haufiki au hukatika mara kwa mara.

== Funzo la Unguja ==

Kisiwa cha Unguja hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka Tanzania bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwezi Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa takriban mwezi mmoja. Ulikatika tena Desemba 2009 na haukurudi hadi Machi 2010, yaani ulikosekana katika msimu wenyewe wa watalii. Pampu za maji nazo zilisimama. Hoteli zenye uwezo ziliwasha jenereta mchana na usiku kwa gharama kubwa ya dizeli. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini utegemezi kwa bara haukuisha.

== Kwa nini vyanzo viwili ==

Paneli za jua hutoa umeme mwingi zaidi karibu na saa sita mchana, wakati wageni wako baharini au matembezini. Wanaporudi jioni ndipo maji ya kuoga, jiko, taa na viyoyozi huhitajika kwa pamoja, na jua limeshatua. Upepo unaweza kuvuma hata usiku, hivyo hupunguza mzigo wa betri, ambazo ni miongoni mwa sehemu ghali zaidi za mfumo na huchakaa mapema kuliko paneli.

Katika pwani ya Afrika Mashariki upepo una majira yake: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, kisha kusi. Katika maleleji, pepo zinapobadilika, mtambo wa upepo unaweza kusimama siku kadhaa. Wakati wa masika mawingu hupunguza umeme wa jua, ila kwa bahati wageni nao huwa wachache, na baadhi ya hoteli za pwani hufungwa Aprili na Mei kwa matengenezo.

Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kwamba kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Kwa hiyo mtambo mdogo uliofichwa nyuma ya minazi ni mapambo tu.

== Kupunguza matumizi kwanza ==

Kosa la kawaida ni kununua mitambo kabla ya kuhesabu matumizi. Tuchukue hoteli ya vyumba 10. Kiyoyozi cha kilowati 1 kinachofanya kazi jumla ya saa 5 kwa usiku hutumia kilowati-saa 5. Vyumba vyote vitatumia 50. Pangaboi la wati 50 likizunguka saa 10 hutumia nusu kilowati-saa, na vyumba vyote 5 tu. Tofauti hiyo ya mara kumi huamua ukubwa wa paneli na betri. Ndiyo maana paa refu la makuti, madirisha yanayopitisha upepo na maji yanayochemshwa moja kwa moja na jua ni sehemu ya mfumo, ingawa havizalishi umeme.

Kisiwani Chumbe, karibu na Mji wa Zanzibar, nyumba 7 za wageni hutumia umeme wa jua na maji ya mvua yanayovunwa paani. Si mfumo mseto kamili, lakini huonyesha jinsi matumizi madogo yanavyorahisisha mambo.

== Jenereta na matunzo ==

Jenereta kubwa kupita kiasi, ikiendeshwa kwa mzigo mdogo, huchoma dizeli vibaya na hujaa masizi. Ni afadhali iwe ndogo, iwashwe kwa saa chache ikiwa na mzigo wa kutosha, na umeme unaozidi ujaze betri. Pwani, chumvi hula viungio vya nyaya na vyuma vya mtambo wa upepo, na vumbi lenye chumvi hupunguza mwanga unaofika kwenye paneli. Fundi anayeishi karibu huhitajika kuliko mtambo wa bei kubwa ambao vipuri vyake huagizwa ng'ambo.