MANENO YA WATU ALIPOKUFA MANGWEA

Tarehe 28 Mei 2013 mwanamuziki Albert Mangwea alifariki dunia mjini Johannesburg, Afrika Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 30. Vijana walimwita Ngwair. Alizaliwa Mbeya na amezikwa Morogoro, lakini sisi wa Dodoma tulimhesabu kuwa mtoto wetu, maana aliishi hapa katika ujana wake, na kundi lake la Chamber Squad lilikuwa la vijana wa Dodoma.

Alikuwa na kipaji hasa. Wimbo wake "Ghetto Langu" ulipigwa miaka mingi ndani ya mabasi na kwenye vibanda vya vinyozi. Tena alijua kutunga papo kwa papo, bila karatasi. Wazee wetu wa Kigogo wanaifahamu kazi hiyo. Mwimbaji wa ngoma husimama katikati, akamtazama mtu, akamwimba hapo hapo. Si kila mtu anaiweza.

Habari za kifo zilipofika, watu walisema mengi. Tuyaangalie maneno hayo.

Wengi walilia. Maiti ilipoletwa nchini, umati mkubwa ulikwenda kumuaga katika viwanja vya Leaders, Kinondoni, tarehe 5 Juni. Kesho yake akazikwa Kihonda, Morogoro, na huko pia watu walijaa.

Lakini wengine hawakungoja hata maiti ifike. Simu zilipeleka maneno usiku na mchana. Ati ni dawa za kulevya. Ati kauawa. Ati karogwa. Rafiki yake, msanii M to the P, alikutwa naye akiwa hoi, akalazwa hospitali. Naye alizushiwa kwamba amekufa, kumbe yu hai. Alipona akarudi nyumbani.

Wako pia waliokasirika. Walisema, mbona michango imepatikana leo, na alipokuwa hai alikuwa wapi huyo wa kumchangia? Neno hili nalikubali. Hata hapa kwetu mgonjwa hukosa nauli ya kwenda hospitali, lakini akifa gari hupatikana, na sufuria za kupikia waombolezaji hupatikana.

Wiki mbili tu baadaye, tarehe 13 Juni 2013, alifariki msanii mwingine kijana, Langa Kileo, katika Hospitali ya Muhimbili. Huyu alikuwa mmoja wa vijana watatu wa kundi la Wakilisha, walioshinda shindano la Coca-Cola Popstars mwaka 2004. Langa alifanya jambo gumu. Alisimama hadharani akasema kwamba alitumia unga, kwamba unga ulimtesa, na kwamba anawaonya wenzake. Je, watu walimpa heshima kwa ujasiri huo? Baadhi walimpa. Wengine, alipokufa, walisema tu, "Teja huyo, alijitakia."

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Maneno hayo marehemu hayasikii. Anayeyasikia ni kijana aliyekaa pembeni ya redio, ambaye naye anatumia kwa siri. Na mama yake anayasikia. Mama huyo akisikia kijiji kizima kinacheka, atakwenda kwa nani kuomba msaada? Atamficha mwanawe ndani. Atauza mbuzi ampeleke kwa mganga, maana kurogwa hakuna aibu kama uteja. Nami naona kicheko hicho kinaua, kwa sababu ugonjwa unaofichwa hautibiwi.

Maana huu ni ugonjwa. Unga unaosemwa ni heroini. Mtu akiutumia mara nyingi, mwili unauzoea, kisha unaudai. Akiukosa anapata arosto, yaani mwili wote unauma, anatapika, anaharisha, anatetemeka, hapati usingizi. Hapo hatafuti raha tena. Anatafuta nafuu, na ataiba hata debe la mtama ili aipate.

Unga huua kwa njia ya pumzi. Hulegeza ubongo, na ubongo ndio unaoamuru kifua kipumue. Ukizidi, mtu anapumua polepole, anakoroma, midomo inabadilika rangi, na pumzi inakoma. Akichanganya na pombe hatari ni kubwa zaidi. Na jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: aliyeacha kwa majuma kadhaa akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyo hiyo, kwa sababu mwili umeshasahau kuvumilia.

Pombe nayo ina tabia hiyo. Uingereza alikuwako mwimbaji Amy Winehouse, mwanamke mwenye sauti ya ajabu. Wimbo wake uliovuma kuliko zote ulihusu kukataa kwenda kutibiwa, na watu waliucheza kwa furaha. Magazeti yalimpiga picha akiwa amelewa, yakauza. Alifariki London tarehe 23 Julai 2011, akiwa na miaka 27. Alikuwa ameacha pombe kwa muda, kisha akainywa nyingi. Uchunguzi ulikuta katika damu yake pombe zaidi ya mara tano ya kiasi ambacho sheria ya huko inamruhusu dereva. Magazeti yale yale yakaandika rambirambi. Na pombe, jamani, haiuzwi kwa siri. Hapa Ihumwa inauzwa mchana kweupe.

Ukimkuta mtu amelala, umemwita na kumtikisa haamki, na anakoroma vibaya, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimnyweshe maziwa wala maji. Ita watu, mpelekeni hospitali mara moja, mkamwambie daktari ukweli wa alichotumia. Asipopumua kabisa, anayejua kumpulizia pumzi mdomoni afanye hivyo njiani.

Matibabu yapo. Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kutoa dawa iitwayo methadoni kwa watumiaji wa heroini. Ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, arosto inatulia, naye anaweza kufanya kazi na kulala. Dodoma hutolewa kituo cha Itega, chini ya Hospitali ya Mirembe, bila malipo. Mlevi wa pombe naye hutibiwa Mirembe. Si hospitali ya vichaa tu, kama tunavyopenda kusema.

Ugumu upo, nisiufiche. Mwanzoni methadoni hunywewa kila siku, na kwa muda mrefu, si wiki mbili. Kutoka Ihumwa ni daladala kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu. Nauli hiyo kijana wa namna hii hana, na akipewa mkononi siku za kwanza huenda isifike Itega. Lazima awepo ndugu wa kusafiri naye.